Bodi ya Mazungumzo Manane: Tathmini Baada ya Muhula Mzima Bukavu

Karakana yetu ya mafunzo ya ufundi iko upande wa Ibanda, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Nyawera, na madirisha ya chumba chake kikubwa yanatazama ziwa. Nalitaja ziwa mapema kwa sababu wengi wa vijana wanaosoma kwetu wataishia kupanda minara ya simu iliyo juu ya vilima vinavyolizunguka, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaeleza kwa chaki jinsi mazungumzo mengi yanavyosafiri kwa wimbi moja la redio bila kuvurugana. Chaki ina mwisho wake. Mwanzoni mwa muhula uliopita tulinunua seti ya kufundishia modulesheni ya mapigo, yaani ufundi wa kuificha sauti ndani ya mapigo mafupi ya umeme, yenye chaneli nane, na baada ya kuitumia karibu kila siku ya kazi kwa miezi minne naona nimepata haki ya kuieleza kwa walimu wenzangu wa Bukavu, Uvira na Goma wanaofikiria kutoa fedha kwa kifaa cha aina hii.

Jina la kiwanda nitaliacha, maana seti hizi hutengenezwa na viwanda vingi kwa michoro inayofanana sana, na kasoro nitakazozitaja huenda zikapatikana hata kwenye sanduku lenye nembo nyingine. Yetu ilisafiri kupitia Mombasa na Kampala, ikavuka mpaka pale Ruzizi, na kutugharimu dolari 640 kabla ya usafiri na ushuru, vilivyoongeza dolari 190. Ndani ya sanduku mlikuwa na bodi tano: mbili za kutuma, mbili za kupokea, na moja ndogo ya msimbo ambayo nitaifikia baadaye. Pamoja nazo kulikuwa na vipaza sauti vinane, hedifoni nane, kebo, na kitabu cha maelekezo cha kurasa 60 hivi. Osiloskopu, chombo kinachochora umeme kwenye kioo, haimo, asiye nayo asinunue seti hii kabisa, kwa sababu atakuwa amenunua redio ya gharama kubwa inayosikika ndani ya chumba kimoja tu.

Jambo la kwanza la kusifu ni uchoraji wa bodi zenyewe. Mchoro wa saketi umechapwa juu ya bodi kwa mistari minene, na kila kituo cha kupimia kina pini ndefu ya kushikia ncha ya osiloskopu, hata mwanafunzi mwenye mkono unaotetemeka hawezi kugusanisha pini mbili na kuunguza kitu. Yeyote aliyewahi kufundisha vijana ishirini na watano kwa kifaa kimoja ataelewa kwa nini nalitanguliza jambo hili mbele ya yote.

Sasa niseme kinachofanyika ndani yake, kwa kuwa thamani ya seti iko hapo. Sauti ya simu huchukuliwa kati ya hezi 300 na 3400, na ili irudi mzima upande wa pili inatosha kuipima mara nyingi kuliko maradufu ya masafa yake ya juu kabisa. Hapa inapimwa mara 8000 kwa sekunde. Basi kati ya kipimo kimoja na kinachofuata kuna mikrosekunde 125, na muda huo ndio nyumba ambamo wapangaji wote wanapaswa kuenea. Seti yetu imeigawa nyumba hiyo katika vyumba tisa, kila kimoja chini kidogo ya mikrosekunde 14: chumba cha kwanza ni cha pigo la alama, ambalo ni refu kuliko mengine yote ili mpokeaji alitambue na kuanza kuhesabu kutoka hapo, na vinane vinavyobaki ni vya chaneli nane. Kila mpangaji anatoa pigo moja tu anapofikiwa na zamu yake, kisha ananyamaza kwa muda uliosalia. Waya ni mmoja, na wakati wowote ule kuna msemaji mmoja tu juu yake, lakini sikio halina mbio za kugundua hilo.

Swichi iliyo pembeni humruhusu mwalimu kuchagua jinsi sauti itakavyofichwa katika pigo. Katika hali ya kwanza upana wa pigo ndio unaobadilika: sauti ikipanda pigo linarefuka, ikishuka linafupika. Katika hali ya pili pigo lina upana ule ule daima, ila linasogea mbele au nyuma ndani ya chumba chake. Nilimpa msichana mmoja wa mwaka wa pili kipaza sauti cha chaneli ya nne, nikamwambia ahesabu taratibu huku wenzake wakitazama kioo cha osiloskopu. Mapigo saba yalisimama wima kama nguzo za ua. La nne peke yake likaanza kutikisika ukingo wake wa kulia, kidogo kwa «moja», zaidi kwa «mbili», na alipocheka likayumba hata likakaribia mwisho wa chumba chake. Hakuna aliyezungumza kwa kitambo. Hapo ndipo nilipoacha kuhuzunikia dolari 830, kwa kuwa kila mmoja aliona kwa macho yake kwamba kimo cha pigo hakikubadilika hata kidogo, na kwamba sauti ya mwenzao ilikuwa imehamia katika muda.

Kwa nini jambo hilo ni la maana kiasi hicho? Kwa sababu kelele za redio hushambulia kimo. Pigo likifika limechakaa, lenye nywele juu na matope chini, mpokeaji hulikata katikati kwa kizingiti, yaani kiwango cha volti kilichowekwa, na kuuliza swali moja tu: limeanza lini, limeisha lini? Nywele na matope hubaki nje. Uchafu unaoweza kupenya ni ule uliokaa juu ya kingo zenyewe, na kingo zikiwa wima, uchafu huo hupata nafasi ndogo sana ya kuusogeza muda. Seti inalionyesha hili vizuri: kuna kitufe cha kuzungusha kinachochanganya kelele kwenye mstari, na tulipokizungusha hadi nusu, hedifoni zilibaki zikitoa maneno yanayoeleweka, ingawa kwenye kioo mapigo yalionekana kama majani ya mgomba yaliyopigwa na mvua ya mawe. Katika hali ya nafasi matokeo yalikuwa masafi kidogo kuliko katika hali ya upana.

Baada ya sifa hizo, nifike kwenye kasoro iliyotula wiki mbili.

Kitabu kinashauri bodi ya kutuma na ya kupokea zitengwe katika vyumba viwili ili wanafunzi wahisi kuwa wanapiga simu kweli, na kiwanda kimeweka kwa ajili hiyo kebo ya mita 30 ya nyaya mbili za kawaida, zile ambazo mtu angefungia spika ya redio. Tulifanya hivyo. Siku ile ile kijana wa chaneli ya sita alivua hedifoni akaja mlangoni: «Mwalimu, namsikia jirani yangu wa tano. Anaongea kama yuko nyuma ya ukuta.» Nilidhani anasikia kwa masikio yaliyo wazi, kupitia kuta zetu za mbao. Nikavaa hedifoni mwenyewe, na kweli, kila aliyeko chaneli ya tano alipopaza sauti, mnong'ono wake uliingia katika ya sita. Tukajaribu wengine: wa pili aliingia kwa wa tatu, wa saba kwa wa nane. Lakini hakuna aliyeingia kwa asiye jirani, wala hakuna aliyerudi nyuma.

Dalili hiyo ilitosha kuongoza uchunguzi. Kama mstari ungekuwa unapoteza masafa ya chini, kila pigo lingeacha mkia mrefu wa kina kidogo ambao ungewafikia wote wanaofuata. Mkia unaomfikia jirani mmoja tu na kufa ni alama ya mstari unaopoteza masafa ya juu. Osiloskopu ikathibitisha. Mwanzoni mwa kebo pigo lilikuwa mraba, na mwisho wake lilikuwa limevimba na kuteremka polepole kama kilima cha Bagira. Kebo ile ndefu inajaza umeme kama kapasita, kile kipande cha saketi kinachohifadhi umeme, na mdomo wa bodi ya kutuma una ukinzani mkubwa mno kuweza kuimaliza haraka. Ule mkia uliobaki hunyanyua mguu wa pigo linalofuata, nalo huvuka kizingiti kabla ya saa yake. Na kwa kuwa katika mfumo huu habari yote imo katika saa, sauti ya jirani inakuwa imeandikwa ndani ya pigo lisilo lake.

Dawa haikuwa ghali. Tulilehemu transista moja kwenye mdomo wa bodi ya kutuma ili iweze kusukuma mkondo wa kutosha, tukatupa kebo ya kiwanda, tukanunua sokoni kebo ya antena ya televisheni, na kuifunga mwisho wake kwa rezista inayolingana nayo. Minong'ono ilikoma. Ninachokilaumu ni kwamba kitabu hakisemi neno hata moja juu ya jambo hili, na mwalimu asiye na uzoefu angewaambia wanafunzi wake kuwa chaneli za zamu kwa kawaida huvuja, jambo ambalo si kweli na ambalo lingewaharibia fikra wanazopaswa kuzipeleka mnarani.

Umeme nitaupitia kwa haraka. Seti inataka volti 220 zilizotulia, nasi hatuna volti 220 zilizotulia. Jioni nyingine kipimo chetu kinasoma 160. Volti zikishuka, saketi inayolitambua pigo la alama ndiyo ya kwanza kupoteza mwelekeo, na hapo mpokeaji huanza kuhesabu vyumba kutoka mahali pasipostahili, ambapo msemaji wa chaneli ya pili huibukia masikioni mwa mtu wa chaneli ya tano akiwa mzima na safi kabisa, kana kwamba amehama nyumba. Vijana walilipenda kosa hilo kuliko somo lenyewe. Tuliikata transfoma ya kiwanda na kuweka betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, sehemu ya katikati ikiwa ardhi, na kutoa volti 5 kupitia 7805, regyuleta ndogo inayotuliza volti. Tangu siku hiyo hakuna aliyehama.

Kuna ukurasa mmoja wa kitabu ambao nimewaagiza wanafunzi waubandike karatasi juu yake. Ni ukurasa wa historia, unaosema kwamba simu za mapigo kwa zamu zilizaliwa pamoja na mitambo ya kidijiti ya Marekani mwaka 1962. Mwaka huo ni wa kweli kwa jambo jingine: ndio mwaka ambao mfumo wa T1 wa chaneli 24 ulianza kubeba simu za watu wa kawaida huko. Lakini wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kwenda vitani na kurudi. Jeshi la Uingereza lilikuwa na kifaa kilichoitwa Wireless Set No. 10, kilichopelekwa Ulaya mwaka 1944 baada ya majeshi kutua Normandy, nacho kilibeba mazungumzo manane ya kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, kwa modulesheni ya upana wa pigo, juu ya mawimbi ya sentimita sita na kitu. Wamarekani nao walikuwa na AN/TRC-6, kazi ya maabara za Bell, yenye chaneli nane vilevile, ila wao walichagua nafasi ya pigo badala ya upana. Yaani ile swichi ya pembeni ya seti yetu, ambayo kitabu kinaieleza kama mchezo wa maabara, kwa hakika ni uamuzi ambao majeshi mawili yaliufanya kwa namna mbili tofauti katika vita vile vile.

Kama mtunzi wa kitabu angelijua hilo, angeweza kueleza jambo ambalo wanafunzi huuliza kila mwaka, yaani kwa nini mtu ajisumbue na mapigo badala ya kuipandisha sauti moja kwa moja juu ya wimbi kama zifanyavyo redio za matangazo. Kifaa cha Waingereza kilitegemea magnetroni, chombo cha kuzalisha mawimbi mafupi ya redio ambacho Randall na Boot walikiunda Birmingham mwaka 1940 kwa ajili ya rada. Magnetroni ni kama ng'ombe dume wa kulima: ukimwamuru avute atavuta, ukimwamuru asimame atasimama, lakini huwezi kumwomba avute robo. Chombo kisichojua ila kuwaka na kuzima hakiwezi kubeba sauti katika ukubwa wa wimbi lake. Kinaweza kuibeba katika muda wa kuwaka kwake, na hapo mapigo yanakuwa ndiyo lugha inayokifaa. Faida ya pili ni kwamba chaneli zote nane hupita katika kipaza nguvu kimoja bila kukutana, kwa hiyo hata kama kipaza nguvu hicho si kinyofu, yaani hakikuzi kidogo na kikubwa kwa uwiano ule ule, hakina watu wawili wa kuwachanganya.

Wale askari hawakuwa na transista, kwa kuwa transista ilipatikana mwaka 1947. Vyumba vya muda walivigawa kwa valvu, ambazo mafundi wazee wa huku wamezoea kuziita lampu, na mtambo wote ulikaa ndani ya trela linalovutwa na gari, sahani mbili za antena zikiwa juu, moja ya kutuma na nyingine ya kupokea. Kila ruko, yaani umbali wa kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata, lilifika kilomita 40 hadi 80 kulingana na jinsi kituo kimoja kilivyoweza kukiona kingine. Niliwapa vijana hesabu hiyo pamoja na ramani ya ziwa letu. Kutoka Bukavu hadi Goma ni karibu kilomita mia kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ruko moja lisingetosha, na haikuchukua muda kabla mmoja wao hajaweka kidole juu ya Idjwi na kusema trela la katikati lingekaa hapo. Ni jibu zuri, ingawa nilimkumbusha kuwa maji tulivu ya asubuhi huakisi mawimbi kama kioo, na kwamba wimbi lililogonga ziwa likifika pamoja na lile lililokuja moja kwa moja, yanaweza kuuana.

Hilo la ruko baada ya ruko ndilo linaloifanya ile bodi ndogo ya tano kuwa kipande bora kuliko vyote sandukuni, ingawa kiwanda kimeitendea kama nyongeza. Katika upana na katika nafasi, ukingo wa pigo unaweza kuwa mahali popote ndani ya chumba, kwa hiyo kila kituo cha katikati huongeza mtikisiko wake mdogo, na hakuna anayeweza kuutofautisha na sauti. Alec Reeves, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya simu mjini Paris, aliliona tatizo hili na kuomba hataza nchini Ufaransa mwaka 1938 kwa dawa iliyo kali kuliko ugonjwa: badala ya kupeleka kipimo chenyewe, peleka namba ya kipimo, kwa mapigo ambayo ama yapo au hayapo. Kituo cha katikati kinachopokea pigo lililochakaa hakihitaji kulinakili, kinatoa jipya. Valvu zilizohitajika zilikuwa nyingi mno kwa trela la askari, na wazo likasubiri mpaka transista zikawa nyingi na rahisi.

Bodi hii inachukua chaneli mbili tu, jambo linalosikitisha, lakini ina swichi za kupunguza idadi ya biti, yaani yale mapigo ya kuwepo au kutokuwepo yanayoandika namba ya kila kipimo. Kwa biti 8, yaani ngazi 256, sauti haina tofauti na ya simu ya kila siku. Tulipozima biti moja moja hadi zikabaki 4, yaani ngazi 16, msemaji alisikika kama anayeongea huku akitembea juu ya changarawe, na changarawe hizo zilinyamaza aliponyamaza. Hiyo ni kelele ya kukadiria, inayotokana na kusukuma kila kipimo hadi ngazi iliyo karibu, na ni kelele ambayo haitoki hewani. Umeitengeneza mwenyewe ulipokubali kuhesabu. Kisha tukapandisha kile kitufe cha kelele hadi robo tatu, mahali ambapo bodi za upana na nafasi zilikuwa zimekwisha kushindwa, na biti 8 zikaendelea kusema kama kwamba hakuna kilichotokea, mpaka tulipofika karibu na mwisho, ambapo zilianguka zote kwa mara moja. Vipimo 8000 vya biti 8 ni biti 64,000 kwa sekunde, na kijana atakayefungua kabati la zamani mnarani akakuta kifaa chenye maandishi ya E1 atakuwa anatazama vyumba 32 vya namna hiyo, 30 kati yake vikiwa vya wasemaji.

Kwa hiyo nashauri hivi. Mwenye karakana iliyo na osiloskopu na mtu mmoja anayejua kulehemu aichukue seti hii bila woga, kwa sababu bodi zake ni za kweli na ugumu wake umepimwa na mikono mingi. Kati ya vipaza sauti vinane, ni kimoja tu kilichokufa. Shule isiyo na fundi wa kuisahihisha itapata hasara, kwa sababu kebo yake inafundisha uongo na transfoma yake haijui mji wetu. Muuzaji alijibu barua yetu kwa adabu baada ya siku tisa, akaahidi kipaza sauti kingine, na kwa habari ya kebo akatuandikia kuwa urefu wa mita 30 «haupendekezwi», ilhali aliyeuweka sandukuni ni yeye.

Seti ya pili tumekwisha kuiagiza. Safari hii tumeomba itumwe bila kebo na bila transfoma, tukapunguziwa dolari 45, na transista ya mdomoni tutailehemu kabla hatujaiwasha.